Jinsi ya kuandika maisha ya bibi ambaye hakuacha karatasi

Mimi ni mwalimu mstaafu, Mnubi wa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala. Kila Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri wanawake tisa huja barazani kwangu na madaftari yao. Tunaandika maisha ya bibi zetu waliotangulia kufika Uganda. Hakuna hata mmoja wetu aliyerithi barua, na picha tuliyo nayo ni moja tu, imeliwa na mchwa pembeni. Karatasi nyingi za Bombo zilipotea mwaka 1979, Amin alipoangushwa na watu wetu walipokimbilia Sudani, Zaire na Kenya na walichoweza kubeba mikononi.

Mwanzoni kila mtu aliandika juu ya bibi yake mwenyewe, na tukakorofishana. Mwenzetu mmoja alisoma kwamba bibi yake alikuwa binti wa ofisa kule Wadelai, kituo cha jeshi cha zamani kando ya mto Nile. Binamu yake, aliyekaa mkeka huohuo, akasema hapana, yule mama aliokotwa vitani akiwa mtoto. Machozi yakatoka. Wiki tatu watu hawakuja.

Hapo ndipo nilipoamua tujizoeze kwanza kwa bibi wa watu, mtu ambaye hakuna kati yetu atakayelia kwa ajili ya jina lake. Nikamchagua Mmarekani, Rebecca Bryan Boone. Mume wake, Daniel Boone, anajulikana sana: mwindaji aliyefungua njia ya kwenda Kentucky kupitia milima ya Appalachia. Rebecca hakujua kuandika. Alipotakiwa kutia sahihi alichora alama tu. Anajulikana kwa mumewe, kama bibi zetu wanavyojulikana kwa jina la askari waliyefuatana naye. Tulikaa naye miezi minne, na njia tuliyoipata kwake ndiyo ninayokupa hapa.

Mtafute kwao kwanza

Watu wengi huanza na mume. Ukifanya hivyo, mke atabaki kivuli. Sensa ya kwanza ya Marekani ilifanyika mwaka 1790, na mpaka kufika ile ya 1850 aliyeandikwa jina ni mkuu wa nyumba peke yake. Wengine walihesabiwa tu. Rebecca alifariki mwaka 1813. Basi ukimsubiri kwenye sensa, hutamwona kwa jina lake hata siku moja.

Lakini ukienda kwa Bryan, ukoo aliozaliwa, mlango unafunguka. Alizaliwa tarehe 9 Januari 1739 huko Virginia, karibu na Winchester. Babu yake, Morgan Bryan, aliuhamisha ukoo mzima kwenda bonde la mto Yadkin, North Carolina, mwishoni mwa miaka ya 1740. Akina Boone nao wakahamia hukohuko. Tarehe 14 Agosti 1756 Rebecca akaolewa na Daniel, akiwa na miaka 17.

Sasa chukua karatasi kubwa, andika jina la mwanamke katikati, siyo la mumewe. Chora mistari kwenda kwa kila mtu wa kwao aliyeoana na watu wa upande wa pili. Kwa Rebecca tulichora hivi: baba yake mdogo, William Bryan, alimwoa Mary, dada yake Daniel. Dada yake Rebecca, Martha, aliolewa na Edward, ndugu yake Daniel. Ndugu wawili wameoa mtu na dada yake! Wanawake barazani walipiga vigelegele, maana jambo hilo tunalijua sana. Nyumba zikifungana hivyo, mwanamke hayuko ugenini kabisa. Akipigwa na shida ana dada yake upande wa pili wa ua, na mawifi zake ni wake wa baba zake. Mambo mengi ya maisha ya Rebecca yanaeleweka ukiwa na mchoro huo mbele yako. Bila huo unaona tu mke anayeburuzwa msituni na mwindaji.

Usishangae ukikuta shimo. Wazao wa Rebecca bado wanabishana juu ya mama aliyemzaa: wapo wanaosema ni Alice Linville, wapo wanaosema ni Hester Hampton. Tuliandika majina yote mawili kwa penseli, tukaendelea. Fanya hivyohivyo. Shimo la mama ndilo shimo la kawaida kuliko yote, hata kwetu.

Kwetu Wanubi kuna ugumu mwingine. Lugard, ofisa wa Kiingereza, alipowachukua askari wa Selim Bey, mabaki ya jeshi la Misri lililokuwa kusini mwa Sudani, kule Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mwaka 1891, askari walikuwa mamia tu, lakini wake, watoto na wafuasi walikuwa maelfu. Wanawake wale walitoka kwa Wabari, Wakakwa, Walugbara, Wamundu na wengine wengi, na mwisho wote wakaitwa Wanubi. Ukiuliza "bibi alikuwa kabila gani?" utajibiwa "Mnubi", na utakuwa umefika ukutani. Mimi nilimuuliza shangazi yangu swali jingine: bibi alihesabu kwa lugha gani alipokuwa peke yake? Shangazi alifunga macho, akaanza kuhesabu jinsi alivyomsikia akihesabu miti ya ukili wakati wa kusuka tabaga, sinia letu la ukindu. Nilirekodi kwa simu, nikampelekea mama mmoja Mbari anayeuza sokoni. Akasikiliza mara moja tu, akasema, "Huyu ni wa kwetu." Miaka sitini nimeishi bila kujua hilo.

Angalia pia majina ya watoto. Rebecca alikuwa na mtoto aitwaye Daniel Morgan, na mwingine Jesse Bryan. Morgan ni babu yake, Bryan ni ukoo wake. Alama tu aliweza kuchora, lakini alihakikisha jina la kwao linabaki ndani ya nyumba ya Boone. Kwa hiyo uliza kila mara: nani alimpa mtoto huyu jina, na ni jina la nani?

Panga watoto kwa miaka, kisha tazama nafasi zilizo wazi

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Andika kila mtoto na mwaka wake, mmoja chini ya mwingine, bila kuruka waliokufa wachanga. Rebecca alizaa kumi: James 1757, Israel 1759, Susannah 1760, Jemima 1762, Levina 1766, Rebecca 1768, Daniel Morgan 1769, Jesse Bryan 1773, William 1775 ambaye hakuishi, na Nathan 1781. Miaka 24 ya uzazi. Alipomzaa Nathan alikuwa na miaka 42.

Tazama nafasi. Kati ya Daniel Morgan na Jesse Bryan kuna zaidi ya miaka mitatu. Mume aliondoka Mei 1769 kwenda kuwinda Kentucky, hakurudi mpaka 1771. Maana yake alimwacha mkewe mjamzito, na Daniel Morgan akazaliwa Desemba baba hayupo. Kati ya William na Nathan ni karibu miaka sita, na ndani ya miaka hiyo mna vita, mume kutekwa, na safari ndefu ya kurudi kwa wazazi. Nafasi zinasema yale ambayo hakuna aliyeyaandika. Nilipopanga watoto wa bibi yangu niliona nafasi ya miaka saba, nikajua hapo babu alikuwa na kikosi cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mbali na nyumbani. Hakuna aliyewahi kunihadithia kuwa bibi alilima na kulea peke yake miaka ile yote. Niliiona kwenye daftari.

Usiishie kwa waliotoka tumboni mwake. Rebecca alipoolewa tu alipokea yatima wawili, Jesse na Jonathan, watoto wa marehemu kaka yake Daniel. Baadaye akalea na watoto sita wa baba yake mdogo, James Bryan, aliyefiwa na mke. Ukijumlisha utaona chungu chake kilikuwa cha watu wangapi. Kwa hiyo ukienda kwa wazee usiulize "alikuwa na watoto wangapi?" Uliza "ni akina nani walikula chungu chake?" Kwa bibi yangu jibu la swali la kwanza lilikuwa watano. La pili lilikuwa kumi na mmoja, na mmoja wa wale sita alikuwa Mganda ambaye mpaka leo wajukuu zake huja kwetu Idi.

Fuata kila kuhama kwake

Andika kila mahali alipolala zaidi ya msimu mmoja, na kwa nini aliondoka. Kwa Rebecca: Yadkin, kisha Virginia wakati wa vita na Wacherokee, wenyeji wa asili wa nchi ile, kisha Yadkin tena. Mwaka 1773 walifunga safari ya Kentucky. Mwanawe wa kwanza, James, aliyekuwa ametengana na kundi kubwa, aliuawa tarehe 10 Oktoba akiwa na miaka 16. Rebecca alitoa shuka za kitani ili mwanawe azikwe amevikwa. Niliposoma hilo barazani, mama mmoja aliyefiwa na mwana katika vita vya Luweero aliinuka akaenda kusimama uani. Tukamngoja. Ukikutana na jambo la namna hiyo katika maisha ya bibi yako, liandike polepole, andika ni kitambaa gani, nani alikibeba. Usikimbilie mwaka unaofuata.

Mwaka 1775 alifika ngome ya Boonesborough, Kentucky, yeye na Jemima. Julai 1776 Jemima na wasichana wawili wa akina Callaway walitekwa mtoni na kuokolewa baada ya siku mbili. Mwaka 1778 Washawnee, wenyeji wengine wa asili, walimteka Daniel, watu wakaamini amekufa, na Rebecca akapakia watoto juu ya farasi akarudi kwa watu wake Yadkin. Unaona tena mchoro wetu wa kwanza unavyofanya kazi? Mwanamke akidhani ni mjane, anakwenda kwao. Jemima peke yake, ambaye tayari alikuwa ameolewa na Flanders Callaway, alibaki ngomeni, na Daniel alipotoroka akamkuta huyo. Mwaka 1779 wakarudi Kentucky wote. Israel aliuawa vitani Blue Licks, Agosti 1782. Mwaka 1799, Rebecca akiwa na miaka 60, wakahama tena hadi Missouri, nchi iliyokuwa bado chini ya Hispania.

Andika pia walioumizwa na kuhama huko. Ardhi ile haikuwa tupu. Washawnee na Wacherokee waliijua na kuitumia kabla ya akina Boone. Na nyumba ya Boone ilikuwa na watumwa: kufikia mwaka 1787 walihesabiwa saba. Wanawake wa barazani waliuliza majina yao, nikawa sina la kuwapa. Sisi tuna sababu ya kuuliza, maana wengi wa babu na bibi zetu waliingia jeshini na kambini kwa kukamatwa. Ukiandika bibi yako alikuwa na mtumishi, mtafute na huyo mtumishi. Ukiandika alitekwa, andika alitekwa.

Kwenda kwa wazee

Mengi ya Rebecca tunayajua kwa sababu mwaka 1851 mtu mmoja, Lyman Draper, alikwenda Missouri kukaa na Nathan, yule kitinda mimba, ambaye sasa alikuwa mzee wa miaka 70. Akamwuliza na kuandika kila kitu. Lakini hakumsikiliza Nathan peke yake: Olive, mke wa Nathan, alikuwepo naye akasema. Hapo nilijifunza jambo ambalo sitaliacha tena. Mwulize mkamwana. Mtoto wa kuzaa humkumbuka mama yake kwa mapenzi. Mkamwana aliishi naye jikoni, anajua alikuwa anaamka saa ngapi, alikuwa mkali kwa nini, na ni dawa gani alizichimba. Rebecca anakumbukwa kama mkunga, mganga wa nyumba, mtengenezaji wa kitani na ngozi, na mtu aliyejua kulenga bunduki. Habari kama hizo hutoka jikoni.

Usiende mikono mitupu. Sukari kilo mbili, sabuni, na kama mzee anapenda chai, maziwa. Siku ya kwanza usitoe daftari. Sabahi, kaa, sikiliza habari za magonjwa, rudi nyumbani. Siku ya pili omba ruhusa ya kurekodi, na mwonyeshe simu iko wapi.

Usimwulize mwaka. Mwulize tukio. Mimi huenda na orodha hii: maasi ya askari wa Kinubi ya 1897, vita vya kwanza na vya pili vya Wazungu, Kabaka Mutesa kupelekwa uhamishoni 1953 na kurudi 1955, uhuru 1962, Amin kuchukua nchi Januari 1971, kukimbia kwa 1979. "Wakati Kabaka anarudi, mama, ulikuwa umeshaolewa?" Mzee ambaye hajui mwaka wake wa kuzaliwa atakujibu hapohapo, na atakuambia na nguo aliyovaa.

Ukisikia aibu

Utasikia. Kwa Rebecca upo uvumi wa muda mrefu kwamba Jemima si wa Daniel, kwamba baba yake ni ndugu wa Daniel, wakati Daniel alipokawia safarini. Tulibishana Jumamosi mbili nzima kama tuuandike. Tulichoafikiana ni hiki: kwanza linganisha wasimulizi. Katika uvumi huu mmoja humtaja ndugu huyu, mwingine yule, na hadithi hubadilika kila inapohama mdomo. Pili, pima kwa mambo yanayojulikana. Jemima ndiye aliyembakia baba ngomeni 1778. Jemima ndiye ambaye wazazi walikwenda kwake uzeeni. Ukiuandika, uandike kama uvumi, na uweke hayo kando yake ili msomaji aone yote.

Kama mhusika au mtoto wake yu hai, usiandike kabisa bila ridhaa yake. Hapa sina mjadala na mtu. Yule mwenzetu aliyelia kwa ajili ya Wadelai alirudi baadaye, akaamua mwenyewe kuandika kwamba bibi yake aliokotwa. Ilimchukua mwaka.

Karatasi zije baadaye

Ukiwa na mchoro, watoto na safari, ndipo karatasi zitakufaa, maana utajua unatafuta nini. Mtandao wa FamilySearch, wa kutafutia kumbukumbu za koo, ni bure, na akina mama wawili tuliwafundisha kuutumia kwa bando la siku moja. Daftari za Draper zimehifadhiwa na Wisconsin Historical Society kule Madison. Katika hati za kuuza ardhi za Marekani ya zamani tazama mwisho wa karatasi: mke alihojiwa peke yake akiachia haki yake, na ndipo jina au alama yake huonekana. Kwetu, nenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Wandegeya, na maktaba kuu ya Makerere. Beba kitambulisho na penseli, na uende asubuhi.

Mwulize alizikwa karibu na nani

Machi 1813 Rebecca na Daniel walikuwa kwa Jemima, karibu na kijiji cha Charette, Missouri, msimu wa kuchemsha utomvu wa miti kutengeneza sukari. Aliugua huko, akafariki tarehe 18, na miaka yake 74. Walimzika kwenye shamba la watu wa ukoo wa Bryan, juu ya mto Missouri. Daniel alimfuata mwaka 1820 akalazwa kando yake. Mwaka 1845 watu wa Kentucky waliwafukua wakawahamishia Frankfort, kwa ajili ya sifa ya mume. Barazani hakuna aliyelipenda hilo. Alikuwa amelala kwao.

Wiki hiyohiyo nilimchukua shangazi kwa bodaboda mpaka makaburini. Makaburi yetu ya zamani hayana maandishi, ila shangazi anayajua kwa mti na kwa jiwe. Akanionyesha la bibi. Nikamwuliza la upande wa kulia ni la babu? Akasema hapana, babu yuko kule chini. Hili ni la mwanamke aliyetembea naye kutoka Kavalli, walikuwa wakibebeana watoto njiani, na bibi alipokuwa anaumwa aliomba alazwe hapo. Nikamwuliza jina lake. Shangazi akalitaja mara mbili ili nisikosee. Nikakaa juu ya jiwe, nikafungua daftari ukurasa wa katikati, nikachora mstari mpya.